Platini kwenye dripu: metali ya pete inavyogeuka kuwa dawa

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu hospitali kwa dozi yake ya tatu ya dawa ya saratani ya mlango wa kizazi. Tukiwa kwenye benchi la kusubiri, mama mmoja aliyekaa karibu naye alimnong'oneza kwamba dawa ile inatengenezwa kwa madini yaleyale yanayofuliwa pete za bei kubwa, na kwamba yakishaingia mwilini hayatoki tena, hujishikiza mifupani yakaganda humo. Shangazi alinyamaza siku nzima. Jioni, alipomaliza kula kwenye sahani aliyojitengea mwenyewe tangu aanze matibabu, ndipo aliponiuliza kwa sauti ya mtu ambaye nusu ya moyo wake imekwisha kuamua kutorudi kliniki: "Mwanangu, niambie kweli. Wananimiminia chuma?"

Jibu la "hapana" lingemtuliza usiku ule, lakini lisingekuwa la kweli. Ndani ya kile kichupa cha kioo cha kahawia ambacho muuguzi alikivuta kwa sirinji mbele yetu, chenye maji maangavu na maandishi ya Cisplatin, kuna platini, tena si haba: katika kila gramu 100 za dawa hiyo, gramu 65 ni platini. Wakati huohuo, kile alichokihofia shangazi, yaani metali inayoingizwa mshipani kama risasi iliyoyeyushwa, hakimo kabisa. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana mpaka mtu aelewe tofauti moja ya msingi, ambayo ndiyo inayokosekana katika mazungumzo mengi kuhusu platini (au platinamu, kama wengine wanavyoiandika), yawe ni mazungumzo ya wodini, ya duka la sonara, au ya gereji ambako watu wanasimuliana habari za wezi wanaong'oa masega ya magari, yaani vifaa vya kusafisha moshi kwenye ekzosi, usiku.

Vidonge vya damu na misumari

Platini ikiwa peke yake ni metali ya rangi ya kijivu cheupe, inayong'aa, na nzito ajabu. Pakiti ya lita moja ya maziwa, kama ingejazwa platini tupu, ingekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 21, kuzidi hata ndoo ya maji ya lita 20. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,768 za Selsiasi. Haipati kutu, hewa ya bahari haiichakazi, na ukiitumbukiza kwenye tindikali ya betri ya gari utaitoa kama ulivyoiweka. Ni metali inayokataa urafiki na karibu kila kitu, na ndiyo sababu masonara wanaipenda.

Kampaundi ni kitu kingine. Ni kile kinachopatikana atomu za elementi mbili au zaidi zinaposhikana kikemia na kuzaa kitu kipya chenye tabia zake, ambazo huwezi kuzibashiri kwa kuwaangalia wazazi. Chumvi ya mezani imetokana na sodiamu, metali laini inayolipuka ikiguswa na maji, na klorini, gesi ya sumu. Lakini chumvi hailipuki wala haituui kwa kuionja kwenye mchuzi. Mfano niliompa shangazi ulikuwa wa karibu zaidi. Mama mjamzito akienda kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu, na ndani ya vidonge hivyo kuna madini ya chuma, chuma kilekile cha misumari na nondo. Hakuna mtu anayesema mjamzito anameza misumari, kwa sababu chuma cha kwenye kidonge kimekwisha kushikana na vitu vingine kikawa chumvi inayoyeyuka, ambayo mwili unaweza kuitumia. Platini iliyomo kwenye dripu iko katika hali hiyohiyo: kila atomu yake imetengwa na wenzake, imezungukwa na atomu za aina nyingine, na imeyeyuka majini. Hakuna kipande cha metali kinachoelea humo, hata kilicho kidogo kiasi gani.

Ni vizuri pia kuitenga kampaundi na aloi, kwa sababu hapo ndipo wateja wa vito wanapochanganyikiwa. Aloi ni metali zilizoyeyushwa na kuchanganywa pamoja, kila moja ikibaki metali. Ile inayoitwa dhahabu nyeupe ni aloi ya dhahabu na metali nyeupe kama paladi au nikeli, na anayeuziwa akiambiwa ni platini amedanganywa. (Kwa wazee wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, dhahabu nyeupe ni pamba, na hilo halina utata wowote.)

Klorini inavyofungua kufuli

Ikiwa platini inakataa kushikana na vitu, kampaundi zake zinatoka wapi? Jibu limo katika mchanganyiko wa tindikali mbili ambao wanakemia wa kale waliupa jina la maji ya kifalme, kwa kuwa uliweza kuyeyusha dhahabu, mfalme wa metali. Ni sehemu moja ya asidi ya nitriki na takriban sehemu tatu za asidi ya haidrokloriki. Kila moja ikiwa peke yake haiwezi kitu mbele ya platini. Zikiwa pamoja hufanya kazi kama watu wawili wanaong'oa kisiki, mmoja akichimba na kukata mizizi, mwingine akivuta shina: asidi ya nitriki hunyang'anya atomu za platini elektroni zake, na kabla hazijapata nafasi ya kurudi katika hali ya metali, klorini iliyomo katika asidi ya pili huzizingira na kuzipeleka majini. Kinachobaki ni kimiminika chenye rangi ya kati ya machungwa na nyekundu. Ukitia humo chumvi ya amonia, chembe za rangi ya manjano hutuama chini. Ukizichoma sana, platini safi hurudi ikiwa kama sifongo la kijivu.

Njia hii ndiyo iliyoufungulia ulimwengu metali hii mwanzoni mwa karne ya 19, na chumvi za klorini zinazopatikana humo ndizo kina mama wa karibu kampaundi nyingine zote za platini. Malighafi yenyewe hutoka zaidi Afrika Kusini, ambayo huchimba karibu asilimia 70 ya platini yote ya dunia, sehemu yake kutoka kwenye mwamba uliotambuliwa mwaka 1924 na mwanajiolojia Hans Merensky na ambao mpaka leo una jina lake. Tani nzima ya mwamba huo hutoa gramu chache tu.

Naomba msomaji aishike klorini akilini, kwa sababu itarudi mara tatu katika makala haya.

Viti vinne kuzunguka meza moja

Mwaka 1844 mkemia Mwitaliano Michele Peyrone alitengeneza unga wa manjano uliokuwa na platini, klorini na amonia. Hakujua una faida gani, na kwa zaidi ya miaka 120 hakuna aliyejua. Tatizo lililowasumbua wanakemia wa wakati ule lilikuwa jingine: kulikuwa na unga wa pili, wenye atomu zilezile kwa idadi ileile, lakini ulioyeyuka tofauti na kutenda tofauti. Inawezekanaje vitu viwili viwe na viambato sawa kabisa na bado visiwe kitu kimoja?

Alfred Werner, aliyefanya kazi Zurich, alilijibu swali hilo mwaka 1893, na mwaka 1913 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa nadharia iliyobeba jibu hilo. Tuichukue atomu ya platini kuwa ni meza ndogo ya mraba yenye kiti kimoja kila pembe. Viti viwili vimekaliwa na amonia, viwili na klorini. Basi kuna namna mbili tu za kuwaketisha: ama klorini mbili zikae pembe zilizopakana, ubavu kwa ubavu, ama zikae pembe zinazotazamana, meza ikiwa katikati yao. Huo ndio utofauti wote. Ule wa kupakana ndio unaoitwa sisplatini, na ule wa kutazamana ndio transplatini. Wa kwanza umeokoa maisha ya watu wengi mno. Wa pili, wenye atomu zilezile, hautibu saratani.

Vijidudu vilivyokataa kugawanyika

Namna sisplatini ilivyogunduliwa kuwa dawa ni miongoni mwa visa ninavyovipenda zaidi katika historia ya sayansi, nami nitakaa hapo kidogo. Barnett Rosenberg alikuwa mwanafizikia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani. Alipoangalia picha za seli inayogawanyika, nyuzi zinazojitandaza kutoka ncha moja hadi nyingine zilimkumbusha unga wa chuma unavyojipanga kuzunguka sumaku, akajiuliza kama umeme unaweza kuathiri mgawanyiko wa seli. Akachukua bakteria wa kawaida wa utumbo, akawaweka katika kimiminika chenye chumvi ya amonia, akapitisha umeme kwa vijiti viwili vya platini. Alichagua platini kwa sababu ambayo msomaji anaijua: haitendani na kitu.

Bakteria wakaacha kugawanyika. Hawakufa, waliendelea kukua bila kujikata, wakawa nyuzi ndefu kufikia mara 300 ya urefu wao wa kawaida, mithili ya maboga yanayotambaa bila kufunga tunda. Umeme ukazimwa, bakteria wakarudia hali yao. Mtu mwingine angetangaza kwamba umeme huzuia mgawanyiko wa seli na kwenda zake. Rosenberg na wenzake hawakuridhika, wakachunguza kila kitu kimoja baada ya kingine, mpaka wakakuta kwamba umeme haukuwa na hatia. Katika kimiminika kile chenye klorini, umeme ulikuwa umemega kiasi kidogo sana cha platini kutoka kwenye vijiti, nacho kikashikana na klorini na amonia zilizokuwamo. Hii ndiyo mara ya kwanza ya zile tatu: klorini ilikuwa imefungua kufuli ambalo mtafiti aliamini halifunguki. Kampaundi iliyowazuia bakteria ilikuwa ya jamii ya unga wa Peyrone.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1965. Mwaka 1969 timu hiyo ikaonyesha kwamba sisplatini huyeyusha uvimbe wa saratani katika panya, na Desemba 1978 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha itumike kwa saratani za korodani na za ovari. Kwa saratani ya korodani iliyokwisha kusambaa mwilini, ambayo kabla ya hapo mgonjwa mmoja tu katika kumi alitarajiwa kupona, matibabu yaliyoanzishwa na Lawrence Einhorn huko Indiana katika miaka ya 1970, yakiwa na sisplatini kama nguzo yake, yalipandisha idadi ya wanaopona, kadiri yalivyoboreshwa, hadi takriban wanane katika kumi. Sijui dawa nyingine nyingi za saratani zilizobadilisha hatima ya ugonjwa mmoja kwa kasi hiyo.

Inafanyaje kazi

Damu ya binadamu ina chumvi, kama anavyojua kila aliyewahi kuonja kidole kilichokatwa na kisu. Katika mazingira hayo yenye klorini tele, sisplatini hutulia, kwa sababu klorini yake ikitoka kitini nyingine iko hapohapo kukikalia. Ndani ya seli klorini ni chache mara nyingi zaidi. Dawa ikiingia humo, klorini huondoka zisirudi, na viti viwili vilivyopakana vikakaliwa na maji, ambayo ni mgeni asiyeng'ang'ania. Hiyo ni mara ya pili: chumvi ya damu huifunga dawa safarini, na uhaba wa chumvi ndani ya seli huifungua ifikapo.

Sasa platini ina nafasi mbili wazi, zote upande mmoja, na inatafuta cha kushika. Inachokipenda zaidi ni DNA, ile nakala ya maelekezo iliyomo katika kila seli. DNA imesokotwa kwa nyuzi mbili kama kamba ya usumba, na seli haiwezi kugawanyika mpaka kamba hiyo ifumuliwe na kila uzi unakiliwe upya. Platini hujishikiza kwenye herufi mbili za DNA zilizo jirani kwenye uzi mmoja, ikazibana pamoja kwa nguvu kiasi kwamba kamba hupinda mahali hapo. Mashine ya kunakili ikifika kwenye pindo hilo hukwama. Seli hujaribu kukarabati. Ikishindwa, hujiua yenyewe. Seli za saratani ya korodani zina uwezo mdogo wa kukarabati jeraha la aina hii, na hiyo ni sehemu ya sababu ya mafanikio yale makubwa.

Tunaweza sasa kuona kwa nini transplatini haifai. Mtu mwenye mikono miwili mbele anaweza kushika vidato viwili vya ngazi vinavyofuatana. Mtu ambaye mkono mmoja uko mbele na mwingine mgongoni hawezi, hata kama ana nguvu zilezile.

Swali la haki ni hili: seli nzima za mgonjwa nazo zina DNA, je, hazibanwi? Zinabanwa. Dawa haina macho ya kutambua saratani. Inaumiza zaidi seli zinazogawanyika harakaharaka, na za saratani ziko mstari wa mbele, lakini za uboho zinazozaa damu nazo zimo. Figo, zinazoichuja dawa, huikusanya ndani yake na kuumia. Kwa sababu hiyo mgonjwa huwekewa dripu kubwa za maji ya chumvi kabla na baada ya sisplatini, na wale wanaolalamika kwamba wamekaa kutwa nzima kwa ajili ya maji tu wanapaswa kujua kwamba maji hayo ndiyo yanayookoa figo zao. Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa anapaswa kumtajia daktari kila anachotumia nyumbani: diklofenaki ya dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo, sindano za jentamaisini, hata mitishamba aliyoletewa na ndugu kwa nia njema, kwa kuwa vingi vya hivyo huichosha figo ambayo tayari imeelemewa. Masikio nayo yanaweza kudhurika. Huanza kwa mlio usiokoma au kwa kutosikia sauti nyembamba, na mgonjwa anayenyamaza akidhani ni uzee humnyima daktari nafasi ya kubadilisha mpango mapema.

Na lile la kuganda mifupani? Mama wa kwenye benchi alikuwa na chembe ya ukweli mkononi. Figo huanza kuitoa platini kwenye mkojo saa zilezile za kwanza, lakini sehemu nyingine hushikana na protini na tishu za mwili na hupungua polepole sana. Vipimo vyenye uwezo mkubwa vimeikuta katika damu ya watu waliotibiwa zaidi ya miaka 10 iliyotangulia. Ni atomu zilizotawanyika, kwa viwango vidogo mno. Hazijikusanyi zikawa metali tena, na hakuna mfupa unaogeuka platini.

Ndugu wawili wa sisplatini

Baada ya kuelewa kwamba siri iko kwenye viti, wanakemia walianza kubadilisha wanaovikalia. Katika kaboplatini, klorini mbili zimeondolewa na mahali pake pamewekwa mkaaji mmoja mwenye mikono miwili, anayeshika kwa uthabiti zaidi na kuachia polepole. Matokeo yake figo na masikio huumia kidogo na kichefuchefu hupungua, ingawa uboho huumia zaidi, hasa chembe sahani zinazogandisha damu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1989. Oksaliplatini, iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1976, ilibadilisha viti vyote vinne. Upande mmoja umekaliwa na oksaleti, kitu kilekile kilichomo kwenye mchicha. Hutumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, na ina tabia ya ajabu: mgonjwa akigusa au kunywa kitu cha baridi siku chache baada ya dozi, vidole na koo huchomachoma na kufa ganzi, kwa hiyo maji ya friji ni marufuku kwake. Dawa zote tatu zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima.

Kwa wanawake wa Afrika Mashariki, ambao saratani ya mlango wa kizazi inaua wengi wao kuliko saratani nyingine yoyote, ya kwanza, yaani sisplatini, ndiyo yenye uzito zaidi. Tangu mwaka 1999, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipowatangazia madaktari matokeo ya majaribio kadhaa makubwa, mpango unaofuatwa sehemu nyingi za dunia ni kumpa mgonjwa tiba ya mionzi pamoja na sisplatini mara moja kwa wiki, kwa sababu seli iliyobanwa na platini hushindwa kukarabati majeraha ya mionzi. Kuambatana huko ndiko kulikozaa uvumi kwamba dawa yenyewe ni mionzi. Mionzi hutoka kwenye mashine, na mashine ikizimwa nayo huisha. Sisplatini haitoi mionzi ya aina yoyote.

Uvumi kwamba dawa hii ni ghali kwa sababu ya thamani ya platini iliyomo nao unapimika kwa hesabu ya kawaida. Dozi ya kila wiki huwa miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Mwanamke mwenye eneo la mita za mraba 1.6 atapewa miligramu 64, na ndani yake kuna takriban miligramu 42 za platini. Pete ya platini safi yenye gramu 5 ingetosha dozi kama hizo karibu 120. Familia inayouza ng'ombe kulipia matibabu hailipii bei ya platini.

Masega ya magari na tindikali za uani

Kwenye ekzosi ya gari kuna kifaa ambacho ndani yake kuna kauri yenye matundu mengi madogo, na ndiyo maana mafundi huyaita masega. Kuta za matundu hayo zimepakwa utando mwembamba wa platini, paladi na rodi. Hapa platini ni metali, si kampaundi, na kazi yake ni ya kichocheo. Mfano unaofaa kuliko yote ni mshenga: huwakutanisha pande mbili ambazo zisingefikiana zenyewe, ndoa ikafungwa, naye akabaki kama alivyokuwa, tayari kwa posa nyingine. Moshi wenye sumu ileile ya jiko la mkaa hukutana na oksijeni juu ya platini, ukatoka ukiwa kaboni dayoksaidi, na platini haijapungua. Kampaundi za platini nazo hufanya ushenga wa namna hiyo katika kutengeneza silikoni, ile mpira laini ya chuchu za chupa za watoto, kwa kiasi kidogo mno ambacho hupimwa kwa sehemu katika milioni.

Ni hapa ambapo klorini inarudi mara ya tatu, na ninaiandika sehemu hii kwa wasiwasi wa kweli. Zipo video zinazowafundisha vijana kusaga masega na kuyachemsha kwa maji ya kifalme ili kupata platini. Mbali na mvuke wa tindikali unaounguza mapafu, kinachozaliwa kwenye chungu hicho ni chumvi za platini na klorini, na hizo ni miongoni mwa visababishi vikali zaidi vya pumu ya kazini vinavyojulikana. Mwaka 1911 huko Chicago iligundulika kwamba mafundi wa picha waliokuwa wakitumia karatasi zenye chumvi hizo walikuwa wakipiga chafya na kubanwa na kifua. Wafanyakazi wa viwanda vya kusafishia platini waliugua hivyohivyo. Mwili ukishajifunza kuzikataa, vumbi dogo lisiloonekana hutosha kumkaba mtu, na ndiyo maana sheria za Marekani zinaruhusu mikrogramu 2 tu katika mita moja ya ujazo ya hewa ya kazini. Anayevaa pete ya platini miaka 40 hapati kitu. Anayeichemsha pete hiyo kwa tindikali uani anaweza kuharibikiwa na pumzi. Dawa nazo zina mzio wake, hasa kaboplatini kwa mgonjwa aliyekwisha kupata dozi nyingi, kwa hiyo mwasho au kubanwa kifua wakati dripu inatiririka ni jambo la kumwita muuguzi palepale.

Shangazi aliyasikiliza haya yote kwa vipande, jioni kadhaa mfululizo, na kliniki alirudi. Kilichobaki kilikuwa ile sahani. Alikuwa ameamua kwamba kwa kuwa dawa ni sumu, basi atawaambukiza wajukuu. Nikamweleza alichotuambia muuguzi: kwamba kwa angalau siku 2 baada ya dozi, mkojo na matapishi huweza kuwa na dawa, hivyo anayesafisha avae glavu na choo kimwagiwe maji ya kutosha, lakini kula pamoja, kukumbatiana na kulala na mjukuu kitanda kimoja havina shida, na vyombo vinaoshwa kwa sabuni kama siku zote. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kesho yake asubuhi niliikuta sahani yake kwenye kabati, katikati ya nyingine.